Askofu Kivengere na Idi Amin: jibu kwa mlezi wa vijana wa Muheza

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa letu la Anglikana hapa Muheza. Vijana wanaandaa igizo la maisha ya Askofu Festo Kivengere wa Uganda kwa ajili ya mkutano wa uamsho utakaofanyika Tanga mjini. Mhubiri mmoja aliyetutembelea alisema Kivengere alimpenda Idi Amin, na kwamba asiyeweza kumsamehe Amin hajaokoka. Bibi yangu alikuwapo. Babu alikwenda vita ya Kagera hakurudi. Bibi aliinuka katikati ya mahubiri akatoka, na tangu hapo hataki kusikia habari za igizo. Je, ni kweli askofu alisema hivyo? Alikuwa na maana gani? Na huo uamsho wa Uganda unatuhusu nini sisi watu wa Tanga?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza mpelekee bibi salamu zangu, na umpe pole kwa niaba yangu. Wajane wa Kagera wamepewa pole chache kuliko walivyostahili, na Jumapili ile bibi alikwenda kanisani akarudi na karipio.

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Ndiyo, alisema, na aliandika. Mwaka 1977, akiwa mkimbizi, Askofu Kivengere alitoa kitabu kidogo kwa Kiingereza ambacho jina lake kwa lugha yetu ni "Nampenda Idi Amin". Wakati huo Amin alikuwa bado anatawala Kampala, na Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Anglikana ya Uganda, alikuwa ameuawa mwaka huohuo. Kwa hiyo aliyeshtushwa na jina lile ana haki ya kushtuka. Lakini lile neno la pili, kwamba asiyemsamehe Amin hajaokoka, ni la mhubiri wenu. Kivengere alipousimulia msamaha wake kwa Amin aliusimulia kama toba yake mwenyewe, yaani habari ya dhambi aliyoikuta ndani ya moyo wake yeye, askofu. Mtu anayetubu mbele yako hakunyooshei kidole. Hapo ndipo mhubiri wenu alipopotoka, na hapo ndipo igizo lenu linaweza kupotoka pia.

Ili tofauti hiyo ionekane, tuanzie mbali na Amin.

Festo Kivengere alizaliwa karibu na mwaka 1919 huko Rukungiri, Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, katika ukoo wa watawala wa sehemu zile. Alichunga ng'ombe utotoni, akasoma shule za misheni, akawa mwalimu. Imani aliyoipokea akiwa mtoto ilimnyauka. Alipofika umri wa miaka ishirini na kitu alikuwa mwalimu mnywaji, akifundisha watoto habari za Mungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameacha kumwamini.

Wakati huo uamsho ulikuwa umekwisha kushika Rwanda na Uganda. Chimbuko lake linatajwa kuwa Gahini, kituo cha misheni chenye hospitali huko Rwanda, pamoja na urafiki wa watu wawili: daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, waliokutana kilimani Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Baada yao wakaja akina Yosiya Kinuka, Blasio Kigozi, ambaye ni mdogo wake Nsibambi na alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na William Nagenda. Hawakuanzisha dhehebu. Walibaki ndani ya Anglikana, na baadaye ndani ya Ulutheri na makanisa mengine, wakikutana kila wiki katika vikundi vidogo vya ndugu. Waliitwa walokole, waliookoka. Jambo waliloshikilia kuliko yote ni kutembea nuruni: ulichoiba kirudishe, uliyemsema vibaya mwendee, dhambi itaje kwa jina lake mbele ya yule uliyemkosea. Mzungu alitubu mbele ya Mwafrika na Mwafrika mbele ya Mzungu, jambo ambalo katika koloni la miaka ya 1930 halikuwahi kuonekana.

Sitakuficha kwamba walikuwa na kasoro. Baadhi ya toba za hadharani ziligeuka kuwa maonyesho. Wengine walijiona wao ndio wasafi na kanisa zima limelala. Mwaka 1941 Nagenda na kundi la wanafunzi wenzake walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono baada ya mvutano na wakuu wa chuo. Mhubiri wenu, kwa neno lile la "hajaokoka", amerithi upande huo wa walokole, upande ambao Kivengere alipokomaa aliuacha.

Mwaka huohuo wa 1941 ndipo Festo alipookoka. Uamsho ulikuwa umefika Rukungiri, na yeye ulimuudhi. Siku moja, akirudi nyumbani kutoka kwenye pombe, alikutana na rafiki yake njiani. Rafiki huyo alimwambia kwa uso wa furaha kwamba saa chache tu zilizopita Yesu amekuwa hai kwake, kisha akamwomba Festo msamaha kwa mambo kadhaa, akiyataja moja baada ya jingine. Hakumhubiria. Alitaja makosa yake akaenda zake. Festo alifika chumbani kwake amevunjika, akapiga magoti, na hapo, kwa maelezo yake, akamwona Kristo msalabani kama aliyekufa kwa ajili yake.

Sasa sikiliza lililofuata, kwa sababu humo mna ufunguo wa habari ya Amin. Kulikuwa na Mzungu mmoja ambaye Festo alimchukia. Baada ya kuokoka alisukumwa moyoni amwendee. Alipanda baiskeli maili 50, kama kilomita 80. Kwa makadirio yenu ni karibu sawa na kutoka Muheza hadi Tanga mjini na kurudi, ila vilima vya Kigezi havina huruma kama njia yetu ya kushuka baharini. Alipofika alimweleza yule Mzungu kwamba alikuwa akimchukia, kwamba sasa Kristo amemwokoa, na kwamba amekuja kuomba msamaha.

Yatafakari mazingira yale. Ilikuwa zama za ukoloni, na Mwafrika mwenye chuki kwa Mzungu hakukosa sababu. Festo hakwenda kumwambia yule bwana kwamba yote yaliyotendeka ni sawa, wala hakufuta makosa ya Wazungu. Alichukua fungu lake yeye la uovu, ile chuki, akalitua. Fungu la Mzungu alimwachia Mzungu na Mungu wake.

Namna hiyo ndiyo aliyoishi nayo miaka yote. Alipenda kusimulia, akiwa tayari mhubiri wa kimataifa, jinsi siku moja alivyogombana na mkewe Mera nyumbani, kisha akajiandaa kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia Bwana akimwambia arudi jikoni aombe na mkewe. Akajitetea kwamba muda umekwisha, watu wanamsubiri. Akajibiwa: vema, wewe nenda ukahubiri, mimi nitabaki jikoni na mkeo. Akarudi. Alisimulia vilevile jinsi alivyomwonea wivu William Nagenda walipokuwa pamoja katika huduma na mahubiri ya mwenzake yakawa yanapokelewa vizuri sana. Ilibidi amwendee Nagenda amwambie wazi kwamba anamwonea wivu. Mtu huyu alikuwa amefanya mazoezi ya toba na msamaha jikoni na safarini kwa zaidi ya miaka thelathini kabla Amin hajamtia kwenye mtihani mkubwa. Mhubiri anayetaka mjane aruke moja kwa moja hadi kwa Amin hajui njia ambayo askofu mwenyewe aliipita.

Jambo ambalo wengi huku kwetu hawalijui ni kwamba Kivengere ni mtu wa Tanganyika pia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa mwalimu Dodoma, akafundisha katika shule ya sekondari ya Alliance. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazi na ya mahubiri. Billy Graham alipofika Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyesimama kando yake akitafsiri. Baadaye alisomea theolojia Pittsburgh huko Marekani, akawekewa mikono, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 akajiunga na kazi ya uinjilisti ya African Enterprise, iliyoanzishwa na Michael Cassidy wa Afrika Kusini, akaongoza upande wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi, makao yake Kabale.

Amin alikuwa ametwaa serikali Januari 1971.

Tarehe 10 Februari 1973 watu watatu waliletwa uwanja wa Kabale wapigwe risasi hadharani. Watu walilazimishwa kuja kutazama, wakajaa maelfu. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza na wale watatu, akapewa. Aliwakaribia kutoka nyuma akiwa hajui atawaambia nini. Walipogeuka, nyuso zao ziling'aa, na mmoja akamshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba gerezani alikuwa amemwomba Kristo aingie moyoni mwake na sasa hana neno na mtu. Askofu alikuwa amekuja kuwafariji, wakamfariji wao. Wakafa wakipunga mikono yenye pingu kuwaaga ndugu zao. Kivengere alilihubiri tukio hilo mara nyingi sana, na kila aliyewahi kumsikia analikumbuka. Mkiliweka kwenye igizo, liwekeni bila mbwembwe.

Sasa Luwum. Janani Luwum alikuwa Mwacholi, naye mtu wa uamsho, aliyeokoka mwaka 1948. Alikuwa Askofu Mkuu tangu 1974. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake usiku wa manane kutafuta silaha, hawakupata kitu. Maaskofu, Kivengere akiwa miongoni mwao, wakakutana na kumwandikia Amin waraka wa wazi. Walimwambia kwamba bunduki iliyokusudiwa kumlinda Mganda sasa inatumika kumwua na kumpora. Hebu usome tena sentensi hiyo ukifikiria wameiandika wakiwa wapi na kwa nani. Ndiyo sababu siwezi kukubali Kivengere afanywe mtu wa kufunika maovu.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala, wakasimamishwa mbele ya wanajeshi, silaha zikaonyeshwa na madai ya njama yakasomwa. Baadaye waliambiwa waondoke, isipokuwa Askofu Mkuu, aliyedaiwa kuitwa na Rais. Wenzake, Kivengere akiwamo, walimngoja mpaka walipofukuzwa. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba Luwum amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Walikuwa wamepigwa risasi. Kaburi lililochimbwa Namirembe lilibaki tupu, kwa kuwa mwili ulipelekwa kwao Mucwini, kaskazini, chini ya askari. Bibi atalielewa hilo pasipo maelezo marefu.

Siku chache baadaye watu walimwonya Kivengere kwamba sasa anatafutwa yeye. Usiku ule yeye na Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda.

Katika ukimbizi ndipo mambo yalipomharibikia moyoni. Alisema wazi: alianza kumchukia Amin. Uchungu ulikua kila alipopata habari za kifo kingine, akajiona anakauka, na mahubiri yake yakawa hayana uzima. Ijumaa Kuu ya mwaka huo aliingia kanisa la All Souls, London, akaketi miongoni mwa waumini, na likasomwa neno la Luka 23:34, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Hapo akajikuta anaulizwa kama Amin yumo katika sala ile au hayumo. Akaona kwamba Kristo hakumweka pembeni mtu yeyote, na kwamba chuki yake inamla yeye mwenyewe huku Amin hana hata habari nayo. Akaomba asamehewe chuki, na akamsamehe Amin. Jina la kitabu limetoka hapo.

Aliwahi kuulizwa: ukikutana na Amin chumbani, ukapewa bunduki, utafanya nini? Akajibu kwamba angempa Amin ile bunduki na kumwambia: hii ni silaha yako wewe, silaha yangu mimi ni upendo. Wahubiri wanalipenda sana jibu hilo. Mimi nakuomba usilifanye kilele cha igizo, kwa sababu likisimama peke yake linasikika kama la mtu asiyejua bunduki inafanya nini. Kivengere alijua. Alikuwa ameona uwanja wa Kabale.

Basi katika msamaha ule mlikuwa na nini, na nini hakikuwamo? Mlikuwa na kuacha kumtakia Amin mabaya, na kumwombea atubu. Hamkuwa na kusema kwamba hakuua. Kitabu chenyewe kinayataja mauaji, na mwandishi alizunguka nchi nyingi akiwaeleza watu yanayotendeka Uganda na kutafuta msaada kwa wakimbizi Waganda, wakiwamo wanafunzi waliokatishwa masomo. Hamkuwa na kumkinga na sheria. Wala hamkuwa na kupatana naye, maana kupatana kunahitaji watu wawili. Amin aliishi miaka mingi uhamishoni Saudi Arabia akafa Jeddah Agosti 2003, na hakuna siku aliyosimama akaungama. Huku kwetu tuna msemo, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Unatufaa katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Walokole wa kizazi cha Kivengere wasingeutumia kwa damu, kwa kuwa kwao jambo halisamehewi mpaka litajwe.

Na hapa nataka useme na bibi kwa unyenyekevu, kwa sababu historia ya babu na historia ya askofu zinagusana mahali ambapo mhubiri wenu hakupaona. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakapora, yakalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akasema maneno ambayo kila Mtanzania wa umri wangu anayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Vijana wakaondoka kutoka kila mkoa, na Tanga ilitoa wake. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka huohuo Kivengere akarudi Kabale kwa kondoo wake. Askofu aliyesema "nampenda Amin" alirudi nyumbani kwa njia iliyofunguliwa na akina babu yako. Hayo mawili yakae pamoja katika igizo, hata kama yanawasumbua watazamaji. Nchi ina wajibu wa kumzuia muuaji. Mkristo mmoja mmoja ana wajibu wa kutokubali muuaji aumiliki moyo wake. Sioni kwamba Kivengere aliwahi kulitumia la pili kulikana la kwanza.

Alipofika Uganda alikuta nchi inayolipiza visasi. Hapo ndipo mahubiri yake ya upatanisho yalipopata kazi ya mikono: kuwazuia watu wasiwatendee wengine walivyotendewa wao.

Kuhusu Tanga na uamsho. Unajua, mwanangu, kwamba Anglikana yetu ya Muheza ilizaliwa na UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyotia mguu Magila katika miaka ya 1860, na UMCA walikuwa watu wa Misa, uvumba na kuungama kwa padri. Anglikana ya Uganda na ya Dodoma ilizaliwa na CMS, misheni nyingine ya Waanglikana wa Uingereza, watu wa Biblia na mahubiri. Ndugu hao wawili hawakuelewana. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyefia Hegongo, hapo kwenu, mwaka 1924, ndiye aliyewashtaki maaskofu wa Uganda na Mombasa kwa uzushi mwaka 1913, baada ya mkutano wa Kikuyu ambako walishiriki meza ya Bwana pamoja na Wakristo wasio Waanglikana. Kwa hiyo moto uliotoka upande wa Uganda haukupata kuni haraka huku. Padri wa Magila aliyesikia kwamba watu wanaungama dhambi zao hadharani, bila padri, mbele ya kina mama na watoto, aliona hatari. Nami nasema hakuwa mjinga. Kuungama kwa siri kunamlinda mnyonge, na toba ya hadharani inaweza kumvua nguo mtu ambaye hajakosa.

Kwa Walutheri njia ilikuwa nyepesi zaidi. Misheni ya Betheli iliyojenga Mlalo, Usambara, kuanzia 1891, ndiyo iliyokwenda baadaye Bukoba, na Bukoba ilikuwa jirani ya Uganda. Huko ndiko alikotoka Askofu Josiah Kibira, mtoto wa uamsho, ambaye mwaka 1977, mwaka uleule wa Luwum, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Na miongoni mwa Waanglikana wa pwani alitokea Edmund John, mdogo wake Askofu Mkuu John Sepeku, mlei aliyehubiri toba na kuwaombea wagonjwa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1975. Alikusanya watu wa madhehebu yote, na Waislamu walifika pia. Wapo wazee Tanga waliosafiri kwenda kuombewa naye. Watafuteni wakiwa bado hai. Habari zao zina thamani kuliko mahubiri mengi ya kwenye simu.

Kivengere mwenyewe alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa saratani ya damu, akazikwa Kabale. Kuna jambo moja la miaka yake ya mwisho ambalo wasimulizi wa uamsho hulipita haraka: mwaka 1983 aliwapa upadre wanawake watatu wa Kigezi, wakati sehemu kubwa ya Anglikana duniani ilikuwa bado inabishana. Najua katika dayosisi yetu jambo hilo lina uzito wake, na sikuletei mjadala. Nakutajia kwa sababu wasichana wako watauliza nafasi yao iko wapi katika hadithi hii ya wanaume.

Sasa igizo. Kwanza, usimwombe bibi ruhusa kwa namna ya kumlazimisha akubali. Mwendee bila vijana, mweleze kwamba lile neno la "hajaokoka" halikuwa la askofu, na umwombe radhi kwa niaba ya kanisa, maana alikosewa ndani ya kanisa. Kama Kivengere angekuwa hai, hilo ndilo lingemhusu kabla ya igizo. Zungumza na padri wako pia. Ikiwezekana aende naye. Bibi akisema bado hajaweza kusamehe, mwache. Askofu alikuwa mtu wa sala kwa zaidi ya miaka thelathini na bado alimchukia Amin. Hakuna anayepaswa kumhesabia mjane majuma. Muulize pia kama angependa jina la babu litajwe. Wapo mashujaa wa vita ile waliolala Kaboya, wilaya ya Muleba, na familia nyingi za huku pwani hazijawahi kufika.

Pili, Amin asichezwe kama kichekesho. Vijana wanapenda sana kumwiga kwa tumbo la mto na medali za vizibo vya soda, na watazamaji watacheka mpaka machozi. Mbele ya bibi, hilo ni tusi. Kwa maoni yangu Amin asionekane kabisa jukwaani; buti zisikike nje, inatosha.

Tatu, anzeni na baiskeli, kisha jikoni, kisha wivu kwa Nagenda. Mera awe mtu mzima mwenye maneno yake, mpeni msichana mwenye sauti. Uwanja wa Kabale uje katikati, na waraka wa maaskofu usomwe kwa sauti kamili kabla ya kifo cha Luwum, ili asitoke mtazamaji akidhani watu hawa walinyamaza. London iwe fupi: mtu mmoja benchini, na lile neno la Luka. Baada yake asisimame mhubiri kuuliza nani anataka kumsamehe Amin. Kama lazima pawe na mwito, kila mtu aulizwe habari ya jirani yake wa Muheza ambaye hajasalimiana naye tangu mwaka jana.

Mkimaliza kuandika, nileteeni nakala niipitie tarehe na majina kabla hamjaanza mazoezi.